Kabla Hajalia, Anapolia na Akishanyamaza: Mwongozo kwa Mwalimu wa Chekechea

Mtoto wa miaka mitatu akijitupa sakafuni kwa sababu amepewa kikombe cha bluu na yeye alitaka cha njano, mtu mzima huona kioja. Yeye mwenyewe haoni kioja chochote. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayomwezesha mtu kujizuia, kusubiri na kupima jambo kabla ya kulitenda, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Kwa mtoto wa chekechea ndiyo kwanza inaanza safari. Ndiyo maana anaweza kukutajia sheria ya darasa bila kukosea, "hatupigi wenzetu", na kabla hujageuka ameshampiga wa pembeni. Hakuwa anakudanganya. Sheria anaijua, breki ndizo bado hazijashika.

Mwongozo huu ni wa walimu na walezi wa watoto wa takriban miaka 2 hadi 6. Utaona sehemu inayohusu mambo ya kufanya kabla ya vurugu ndiyo ndefu kuliko zote. Ni makusudi. Swali linaloulizwa sana ni "nifanye nini mtoto akishaanza?", na ukweli ni kwamba akishaanza huna mengi ya kufanya. Kazi ilikuwa imekungoja saa nzima iliyopita.

Hatua ya 1: Lichunguze darasa kwanza

Kwa wiki moja tembea na kidaftari. Kila ugomvi, kilio au kususa kunapotokea, andika saa, mahali, kilichokuwa kikiendelea kabla, alichofanya mtoto, na kilichofuata baadaye. Usiandike "mkorofi" wala "amedeka", maana hayo ni maoni yako. Andika kitu ambacho hata mgeni aliyesimama mlangoni angekiona: "Saa 4:20, tumetoka kucheza, watoto kumi wanangoja bomba moja, amemsukuma aliye mbele yake. Nimemtoa kwenye mstari, akanawa wa kwanza na msaidizi."

Soma tena mstari huo wa mwisho. Aliyesukuma ndiye aliyenawa wa kwanza. Kesho utamlaumu akisukuma?

Wiki ikiisha, pitia ulichoandika. Mara nyingi utakuta matukio yamerundikana mahali pale pale na saa zile zile: kabla ya chakula, kwenye kusubiri, kwenye kona yenye msongamano, na pale mnapotoka shughuli moja kwenda nyingine. Basi anza kurekebisha hapo, kabla hujamwita mzazi yeyote.

Kama katikati ya chumba pana uwazi mrefu, watoto watakimbia. Sogeza rafu au meza uukate. Kona ya vitabu isipakane na kona ya vitalu vya kujengea, mnara ukianguka wasomaji wataruka. Kwa watoto wa miaka 2, kile kigari kinachogombewa kila siku kiwe kimoja kati ya viwili au vitatu vinavyofanana. Kumtaka mtoto wa umri huo agawane na mwenzake kitu anachokipenda ni kumdai asichokuwa nacho bado. Foleni ya darasa zima ivunje: wapeleke wanne wanne, waliobaki waimbe wimbo wa vidole. Na muda wa kukaa mkekani kumsikiliza mwalimu upunguze. Kwa watoto wa miaka 3 mimi sishauri kupita dakika 10, na hata hizo ziwe na kuinuka, kupiga makofi na kujibu.

Angalia pia mwili. Njaa, kiu, kubanwa na haja, nguo inayokwaruza shingo: mtoto hatakuja kukueleza haya, atayaonyesha kwa kumpokonya mwenzake kalamu ya rangi. Usingizi ndio unaosahaulika zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 na 4, na saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka 1 na 2, usingizi wa mchana ukiwemo. Mzazi akikuambia jana amelala saa 5 usiku, punguza matarajio yako ya leo, na mtafutie pa kujinyoosha mapema.

Hatua ya 2: Siku ionekane kwa macho

Bandika ratiba ya picha kwenye usawa wa macho ya mtoto: kufika, kucheza ndani, kunawa, kula, kucheza nje, hadithi, kurudi nyumbani. Mpangilio usibadilike ovyo, na ukibadilika waonyeshe asubuhi. Mtoto anayejua kinachofuata hana haja ya kukipigania.

Kabla ya kufunga shughuli, toa tahadhari. Hapa walimu wengi husema "zimebaki dakika tano", na kwa mtoto wa miaka 3 dakika tano ni maneno matupu. Mpe kitu cha kuhesabu: "Telezeni mara mbili zaidi, kisha tunaingia." "Weka vitalu vitatu vya mwisho, halafu tunarudisha kwenye kapu." Yule ambaye kila siku hugoma kuingia ndani mpe kazi inayoanzia nje na kuishia ndani, kama kubeba kapu la mipira. Anaingia akiwa na shughuli yake, na mara nyingi anasahau kugoma.

Hatua ya 3: Sheria ziwe tatu au nne, na ziseme la kufanya

"Tunatembea ndani ya darasa." "Mikono ni ya kucheza na kusaidia." "Tunasikiliza mwenzetu akiongea." Ukisema "usikimbie" umemwambia la kuacha, la kufanya hukumwambia. Ziigizeni pamoja, hata kwa mzaha: wewe tembea vibaya, wao wakusahihishe. Hilo hulipenda mno.

Ukiona mtoto amefanya vizuri, litaje jambo lenyewe. "Umemngoja mwenzako amalize rangi nyekundu" humfundisha zaidi kuliko "mtoto mzuri", kwa sababu kesho anajua arudie nini. Chati ya nyota iliyobandikwa ukutani kila mtu akaiona siipendi. Nyota hupata wale wale, na aliye mwisho hujifunza kuwa yeye ni wa mwisho.

Hatua ya 4: Wekeza kwa anayekuchosha zaidi

Kila darasa lina mtoto ambaye siku asipofika, mwalimu moyoni anashusha pumzi. Huyo ndiye wa kumtengea dakika chache kila siku za kucheza naye anachotaka yeye, bila kumfundisha, bila kumsahihisha, bila kumuuliza "hii rangi gani?". Akijenga gereji, nawe leta gari. Unamjengea sababu ya kukusikiliza siku utakapomwambia "hapana".

Asubuhi mpokee kila mtoto kwa jina lake mlangoni. Kwa mgeni anayelia akiachwa, mshauri mzazi asitoroke wakati mtoto amegeuka. Akitoroka leo, kesho mtoto atang'ang'ania mguu tangu getini, kwa kuwa amejifunza kwamba ukigeuza macho mama anapotea. Aage waziwazi kwa maneno mafupi, "Naenda kazini, nitakuja ukishaamka usingizi wa mchana", kisha aondoke kweli. Kuaga mara nne huku anarudi kumfuta machozi ni kurefusha maumivu.

Hatua ya 5: Fundisha hisia siku ya utulivu

Hakuna anayejifunza kuogelea siku ambayo mashua imezama. Hasira, huzuni, hofu, wivu, aibu, uchovu, hamu: zifundishe kwa picha za nyuso, kwa kioo, na kwa wahusika wa hadithi. "Sungura ameachwa nyuma. Unadhani anajisikiaje? Umejuaje?" Kisha zihusishe na mwili: ngumi zimekunjwa, moyo unadunda, tumbo linavuruga, koo limebana. Mtoto anayetambua kwamba mwili umeanza kuchemka anapata nafasi ndogo ya kufanya kitu kabla haujafurika.

Kupumua kufundishe kama mchezo. Walale chali, kila mmoja aweke kidoli kidogo tumboni, akipandishe na kukishusha taratibu bila kukiangusha. Msisitizo uwe kwenye kutoa pumzi polepole, ndiko kunakosaidia moyo kupoa. Mtoto wa miaka 2 hataweza kulifuata hili peke yake, yeye hutulizwa na kifua chako kinachopumua taratibu karibu naye.

Tenga pia kona ya utulivu: mkeka, mto, kitu laini cha kukumbatia, vitabu viwili vitatu. Kila mtoto aijaribu siku ambayo hana shida yoyote. Sharti moja tu: usimpeleke mtoto pale kwa adhabu. Siku utakayosema "nenda kona!" kwa ukali, kona imekufa, na hakuna atakayeikimbilia tena kwa hiari.

Hatua ya 6: Kilio kimeanza

Usalama kwanza. Ondoa kinachoweza kurushwa, wasogeze wenzake. Ukiwa peke yako darasani, uwe na jambo ambalo watoto wengine wanaweza kulifanya bila wewe, kama kapu la vitabu au wimbo wanaoujua wote, na walizoee kabla.

Pili, jitazame wewe. Shusha mabega, shusha sauti, toa pumzi. Mtoto aliyepandwa na hasira huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu, na ukifika unafoka hakuna cha kuazima. Chuchumaa ubavuni mwake kuliko kumsimamia mbele, wala usimwambie "niangalie machoni".

Tatu, maneno machache. "Umekasirika. Ulitaka baiskeli, zamu imeisha. Niko hapa." Kisha nyamaza. Kumtajia hisia yake hakumaanishi umemkubalia ombi: baiskeli imeshakwenda na haitarudi kwa sababu ya kelele. Akitaka kupiga, zuia mkono wake kwa upole na useme, "Sitakuacha umpige." Wengine watataka wakumbatiwe, wengine ukiwagusa ndiyo umemwaga petroli. Wajue wako.

Yaache haya: kuuliza "kwa nini umefanya hivyo?" (hajui), kumhubiria, kumlinganisha na mwenzake aliyetulia, na kumtishia jambo usiloweza kulitimiza.

Ugomvi wa wawili una namna yake. Tuseme wote wameshika kigari kimoja wanavutana. Weka mkono wako juu ya kigari:

"Nitakishika mimi kwa sasa. Naona watoto wawili na kigari kimoja. Wewe, niambie."
"Nilikuwa nacho mimi!"
"Ulikuwa nacho. Na wewe?"
"Mimi nataka!"
"Unakitaka. Sasa tufanyeje?"

Hapo subiri. Subiri zaidi ya unavyodhani inafaa. Wa miaka 4 na 5 mara nyingi huja na suluhisho lao wenyewe, na wakati mwingine ni la ajabu ("yeye awe dereva, mimi niwe abiria") lakini linafanya kazi. Wakikwama, wape machaguo mawili. Usianze upelelezi wa nani alianza. Hukuwepo, na mashahidi wako wana miaka minne.

Kuuma ni kawaida kati ya mwaka 1 na 3, hasa kwa asiye na maneno ya kutosha, anayeota meno au aliyebanwa na wenzake wengi. Mhudumie kwanza aliyeumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji, na ngozi ikiwa imechanika wajulishe wazazi ili mtoto aonwe na mhudumu wa afya. Kwa aliyeuma, sentensi fupi yenye uso mkavu: "Kuuma kunaumiza. Meno ni ya chakula." Kisha kwa siku kadhaa mkae karibu, umwahi kabla mdomo haujafika. Kumuuma naye "ili ajue uchungu wake" ni kumfundisha kwamba wakubwa pia huuma.

Hoja hiyo hiyo inahusu kofi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilipiga na kulitolea maneno makali dubwana la kujazwa upepo. Watoto walipoachwa nalo baadaye, wengi waliyarudia mapigo yale, na hata maneno yenyewe. Zaidi ya hayo, ibara ya 19 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili wa kimwili na kiakili akiwa chini ya uangalizi wa mzazi au mlezi. Mwalimu yumo humo.

Hatua ya 7: Akishanyamaza

Mpe maji. Mpe muda. Kilio kikikatika si kwamba mwili umeshapoa, na ukianza mahojiano pale pale utaanzisha raundi ya pili.

Akishatulia kabisa, simulieni tukio kwa ufupi: alitaka nini, akafanya nini, mwenzake akapata nini. Halafu arekebishe. "Samahani" ya kulazimishwa sioni kazi yake. Mtoto huitamka huku anatazama dari, na baada ya wiki ameshaigeuza kuwa tiketi: napiga, nasema samahani, naendelea kucheza. Afadhali umuulize, "Tazama uso wake. Unaweza kumsaidiaje?" Ataleta kitambaa chenye maji baridi, au atajenga tena mnara alioubomoa. Malizieni kwa kulirudia tukio kwa njia sahihi: anyooshe mkono, aseme "naomba ukimaliza", mwenzake ajibu. Dakika mbili, basi. Likishaisha liishe, usilikumbushie wakati wa chakula.

Hatua ya 8: Tabia ikirudi kila siku

Rudi kwenye kidaftari ujiulize: anapata nini, au anakwepa nini? Kwa kawaida ni mojawapo ya haya manne: kuangaliwa na mtu, kupata kitu, kukimbia jambo gumu, au mwili wenyewe unataka kuruka, kusukuma, kutafuna. Watoto wawili wanaweza wote kurusha vitalu, mmoja kwa sababu anataka uje, mwingine kwa sababu amechoka kuchora herufi. Ukimtoa huyu wa pili nje ya darasa, umempa kile kile alichokuwa anakitafuta, na kesho atarusha mapema zaidi.

Mfundishe njia nyingine ya kufika pale pale, iliyo rahisi kuliko kurusha. Anayetaka kukwepa afundishwe kusema au kuonyesha kadi ya "naomba nipumzike". Anayetaka uje afundishwe kukugusa bega. Mwanzoni itikia kila mara na papo hapo, hata kama unaona anazidisha, kwa kuwa njia mpya isipolipa atarudia ya zamani. Na jiandae: unapoacha kuilipa tabia ya zamani, huweza kupanda kwa siku kadhaa kabla ya kushuka. Hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa na kuamua kwamba mbinu imeshindwa.

Na mtoto mkimya? Huyu haingii kwenye kidaftari kabisa, kwa hiyo mtafute kwa makusudi. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza kufuatilia watoto huko New York mwaka 1956, walikuta takriban 15 kati ya 100 ni wa kuzoea mambo polepole: hujitenga kwanza, hutazama, kisha huingia kwa wakati wao. Usimsimamishe aimbe mbele ya wenzake. Mpe mwenza mmoja mpole na shughuli ya watu wawili, na umruhusu atazame.

Hatua ya 9: Mzazi

Zungumza naye pembeni, mtoto asiwepo, na wazazi wengine wasisikie. Anza na jambo jema la kweli, kisha eleza ulichokiona kama kilivyo: "Mama, leo amecheza vizuri sana na maji. Wakati wa kuingia ndani alimpiga mwenzake mara mbili. Nyumbani mnapomwachisha mchezo, huwa inakuwaje? Mnafanya nini kinachosaidia?" Swali la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu mzazi ana uzoefu ambao wewe huna. Uliza pia kama kuna lililobadilika: mtoto mchanga, kuhama, msiba, mzazi aliyesafiri. Ukitoa orodha ya makosa kila jioni, jua kwamba huenda mtoto anaadhibiwa nyumbani kwa kosa alilokwisha kulirekebisha darasani.

Yapo mambo ya kupeleka kwa mtaalamu. La kwanza kupima ni masikio. Baada ya mafua au maambukizi, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio na kupunguza usikivu kwa wiki kadhaa, na mtoto anayeitwa "mbishi" kumbe hasikii vizuri. Mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, iwe maneno au kwenda choo, anayejiumiza, au ambaye maneno yake yako nyuma sana ya wenzake, aonwe mapema. Usimwambie mzazi "atakua tu".

Mabadiliko ya ghafla yanayoambatana na woga wa mtu fulani, alama mwilini zisizo na maelezo, au maneno na michezo ya mambo ya watu wazima, hayo si ya kuzungumza kwanza na wa nyumbani. Msikilize mtoto, usimuulize maswali yenye majibu ndani yake, wala usimwahidi kuficha siri. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na siku hiyo hiyo utoe taarifa kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni kwako au kwa mamlaka ya ustawi wa jamii.